Kuona nyumba Bagamoyo na kuitembeza familia kwa siku moja

Msomaji wetu wa Kimara, Dar es Salaam, ameuliza hivi: "Mimi na mke wangu tumedunduliza fedha kwa muda mrefu ili tununue nyumba nje ya jiji. Dalali amenipigia simu kwamba ana nyumba tatu za kutuonyesha Jumamosi ijayo: moja Mapinga, ya pili njia ya Kaole karibu na bahari, na ya tatu ni nyumba ya kale katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo, ambayo anadai inauzwa kwa bei ya kutupa. Kwa kuwa watoto hawajawahi kufika Bagamoyo, mke wangu anapendekeza twende nao pamoja na mama yangu mzazi, wakaone magofu na makumbusho. Dalali anatutaka twende na kishika uchumba cha shilingi milioni mbili kwa sababu yupo mteja mwingine. Je, inafaa kuyachanganya mambo haya?"

Ndugu msomaji, inafaa, tena ninaiunga mkono safari hiyo, kwa sharti kwamba zile milioni mbili zibaki benki. Kazi yangu ni uthamini wa majengo na ardhi, na katika kazi hii nimeona kwamba familia inayokwenda yote kuiona nyumba hugundua mengi kuliko baba anayekwenda peke yake na dalali. Familia hiyo hiyo, hata hivyo, ikishakula pweza ufukweni na kupigwa na upepo wa bahari, huwa radhi kusamehe kasoro ambazo isingezisamehe ikiwa Kimara. Kwa hiyo siku ya matembezi iwe siku ya kuona na kuuliza tu. Malipo yana siku yake, ambayo huja baada ya upekuzi wa hati, na hufanyika mbele ya wakili, watoto wakiwa shuleni.

Huyo mteja mwingine asikusumbue. Katika biashara ya nyumba mteja mwingine yupo daima, na akiwapo kweli, naye anapaswa kufanya upekuzi kama wewe. Mjibu dalali mapema, kwa ujumbe wa maandishi ili usije ukabadilika mbele yake, kwamba mnakuja kuona na wala hamji kulipa. Akikataa kuwaonyesha kwa sababu hiyo, amekuokolea mafuta ya gari. Muafikiane kabla ya safari kuhusu nauli yake, kamisheni yake, na ni nani atakayeilipa. Mwambie pia kwamba bei mtaisikia kwa mwenye nyumba mwenyewe, maana dalali akibaki kuwa mdomo pekee kati yenu, huwezi kujua cha juu alichoongeza ni kiasi gani.

Ninashauri pia dalali asipande gari lenu. Awatangulie kwa bodaboda au mkutane naye huko huko. Ndani ya gari familia huzungumza kwa uhuru, na mtu aliyeketi kiti cha mbele husikia kila neno. Mtoto mmoja akisema, "Baba, hiki ndicho chumba changu," bei haishuki tena. Waelezeni watoto tangu nyumbani kwamba sifa za nyumba husemwa mkiwa njiani kurudi.

Sasa kuhusu mpangilio wa siku yenyewe. Mkitoka Kimara kupitia Goba na Madale mtatokea Tegeta, na kutoka hapo barabara ya Bagamoyo itawapitisha Bunju kabla ya kufika Mapinga. Kati ya Dar es Salaam na Mkoa wa Pwani mpaka ni Mto Mpiji, na jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Matangazo mengi huandika "Bunju" kwa nyumba ambayo kwa kweli iko Mapinga, kwa sababu jina la Dar es Salaam huongeza bei. Ukishauvuka Mpiji uko Wilaya ya Bagamoyo, na kumbukumbu za kiwanja hicho utazitafuta katika halmashauri ya Bagamoyo na katika ofisi ya ardhi ya mkoa iliyoko Kibaha, wala si Kinondoni. Muuzaji akikuonyesha karatasi zenye mhuri wa manispaa ya Kinondoni kwa nyumba iliyo upande wa pili wa mto, hapo pana swali.

Nyumba ya Mapinga iwe ya kwanza, asubuhi, kila mtu akiwa bado ana nguvu na hana njaa. Angalieni umbali wake kutoka barabara kuu, kwa kuwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imetenga hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu, na alama ya X ukutani, inayowekwa kwenye jengo linalotakiwa kubomolewa, inaweza kufunikwa kwa rangi mpya ndani ya saa moja. Ukiona ukuta wa mbele umepakwa rangi jana ilhali kuta nyingine zimechakaa, uliza kwa nini. Iwapo kiwanja kinateremkia mtoni, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na katazo hilo hilo linahusu fukwe za bahari, ambalo nitalirudia tukifika Kaole.

Ndani ya nyumba gawaneni kazi. Watoto wafungue kila bomba na kuvuta maji ya kila choo kwa wakati mmoja. Hiyo ni kazi wanayoifurahia, na itawaonyesha kama tangi lina maji ya kutosha na kama maji machafu yanakwenda yanakotakiwa. Mkeo aingie jikoni na stoo, afungue makabati, anuse unyevu na kutazama njia za mchwa kwenye fremu za milango. Wewe pitisha kiganja kwenye sehemu ya chini ya kuta, kiasi cha magoti. Lipu ikimeguka kama unga na kukuachia weupe wa chumvi mkononi, ama nyumba haikuwekwa kizuizi cha unyevu juu ya msingi, ama ilijengwa kwa mchanga wa baharini, na rangi yoyote utakayopaka juu yake itabanduka. Tazama chini ya zege la baraza na vizingiti: mstari wa kahawia unaofuata nondo ni kutu, na nondo iliyokwisha kuvimba ndani ya zege hairekebishwi kwa plasta. Onjeni maji ya kisima. Maeneo mengi ya pwani hii yana visima vya maji ya chumvi, hivyo muulize mwenye nyumba kama ana maji ya DAWASA, na akisema anayo, aonyeshe ankara ya karibuni. Mita ya LUKU nayo ichunguzwe: inasoma jina la nani, na je, ina deni? Kodi ya majengo siku hizi hulipwa kupitia manunuzi ya umeme, kwa hiyo mita iliyokaa bila kununuliwa umeme huenda imelimbikiza deni hilo.

Mama yako ana kazi ambayo hakuna mtaalamu anayeweza kuifanya vizuri kuliko yeye. Mwacheni kwenye baraza ya jirani, ajitambulishe, aulize hali, aulize kisima kiko wapi na maji hufika wapi wakati wa masika. Mwanamke mtu mzima aliyekaa barazani Pwani haambiwi uongo kwa urahisi, na mazungumzo yake ya nusu saa huweza kutoa habari kwamba mwenye nyumba amefariki na warithi wanagombana, au kwamba aliyewapokea kama mwenye nyumba ni mpangaji. Hapo hapo mtafuteni mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mjue anamtambua nani kuwa mmiliki. Kumbukeni, hata hivyo, kwamba mhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi wa kumfahamu mtu, na kwa kiwanja chenye hati hauhamishi umiliki.

Kutoka Mapinga mwendo ni kupitia Kerege, Zinga na Kiromo hadi Bagamoyo mjini. Ningewashauri mwende moja kwa moja kwenye nyumba ya Mji Mkongwe, ambayo ndiyo inayohitaji maelezo marefu zaidi kwa sababu bei yake ndogo ina sababu.

Nyumba za kale za Bagamoyo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu na kuutoa, na mtu anayeukarabati kwa saruji huufungia unyevu ndani, hivyo baada ya misimu michache mawe huanza kuachia. Ukarabati sahihi hutaka chokaa na mafundi wanaoijua chokaa, ambao ni wachache. Zaidi ya hapo, mji huo uko chini ya uangalizi wa uhifadhi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na milango na miimo iliyochongwa kabla ya mwaka 1940 imo pia katika ulinzi wake. Maana yake ni kwamba huenda usiruhusiwe kubomoa ukuta, kuongeza ghorofa au kuuza mlango bila kibali, na mpango wa kuweka maduka mbele na vyumba vya kupangisha nyuma unaweza kukwama kabla ya kuanza. Onaneni na ofisi ya Mambo ya Kale iliyopo Bagamoyo kabla ya kuzungumza bei.

Suala la pili ni la umiliki. Nyumba nyingi za mji wa namna hii ni za ukoo. Mmiliki wa mwanzo alifariki zamani, wajukuu wametawanyika kati ya Zanzibar, Dar es Salaam na Muscat, na anayekaa ndani ndiye anayeuza. Muuzaji wa nyumba ya mirathi anatakiwa awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na barua ya kikao cha ukoo peke yake haitoshi. Ulizeni pia, kwa adabu, kama nyumba iliwekwa wakfu. Nyumba ya wakfu haiuzwi kama mali ya mtu binafsi hata kama anayeishi humo amezaliwa humo, na wazee wa msikiti wa karibu kwa kawaida wanajua. Mimi binafsi, kwa familia inayotaka nyumba ya kukaa na yenye akiba isiyo kubwa, singeichagua hii. Kwa mtu mwenye fedha za ukarabati na mapenzi ya historia, ni jambo jingine.

Mkimaliza hapo mtakuwa mmefika saa za mchana, na matembezi yataanza bila kuhama. Ngome Kongwe na Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1897 viko karibu, na watoto wakubwa mtawaeleza kwamba mji huu ulikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891, yalipohamishiwa Dar es Salaam. Msiache kwenda kwenye misheni ya Kikatoliki, iliyoanzishwa na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu mwaka 1868. Ndani ya eneo lake kuna makumbusho pamoja na mnara wa kanisa ambamo mwili wa David Livingstone ulipumzishwa mwaka 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka sehemu ambayo leo ni Zambia hadi pwani. Watoto wengi humfahamu Livingstone kutoka darasani, lakini hawafahamu kwamba kazi yenyewe ya kuubeba mwili huo ilifanywa na Waafrika kwa miezi mingi ya kutembea kwa miguu. Chakula cha mchana kiwe baada ya hapo, na jueni kwamba soko la samaki la ufukweni litawala fedha na muda kama hamkupanga.

Nyumba ya njia ya Kaole nimeiacha kwa alasiri kwa makusudi. Mwenye kuuza nyumba ya ufukweni hupenda kuionyesha mnamo saa nne asubuhi, na katika siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huo ndio wakati maji yamekupwa sana: bahari iko mbali, mchanga ni mpana, na kiwanja kinaonekana kikubwa. Katika siku hizo hizo maji hujaa alasiri, mnamo saa kumi. Kwa hiyo chagueni Jumamosi iliyo karibu na mwezi mpevu au mwandamo, fikeni saa tisa na nusu, mjionee wenyewe maji yanakofika, kisha zile mita 60 za Sheria ya Mazingira mzihesabu kuanzia hapo kwa hatua za mtu mzima. Nyumba ikiwa ndani ya mita hizo, hati yake haiondoi katazo. Mkiona mikoko ndani ya mipaka mnayoonyeshwa, ondokeni, kwa sababu misitu ya mikoko ni hifadhi ya serikali.

Magofu ya Kaole, yapata kilomita 5 kusini mwa mji, yatawasaidia kulielewa jambo hili kuliko maelezo yangu. Pana mabaki ya msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo ndefu za mawe. Kaole ilikuwa bandari, lakini leo kati ya magofu na maji pamejaa mikoko, na ghuba ilipoziba biashara ilihamia Bagamoyo. Pwani husogea, huku ikijaa na kule ikiliwa, na mtu anayenunua nyumba ya kuwaachia watoto anapaswa kuwauliza wavuvi wa hapo kama mstari wa maji ndio ule ule wa ujana wao. Chukueni vitambulisho vya taifa, maana kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni.

Kuna jambo jingine la upande huo ambalo dalali hatalitaja. Barabara hiyo inaelekea Mbegani, palipokusudiwa kujengwa bandari kubwa ya Bagamoyo. Mkataba wa awali ulitiwa saini mwaka 2013, mradi ukasimamishwa mwaka 2019, na baadaye mazungumzo yakafufuliwa. Pamoja na bandari ulipangwa ukanda maalumu wa kiuchumi, ambao uligusa vijiji vya Pande, Zinga, Mlingotini na jirani zake, na wananchi wengi walithaminiwa kwa ajili ya fidia. Hatari kwenu ni ya aina mbili: kununua ndani ya eneo lililokwisha kutwaliwa, au kulipa bei iliyopandishwa na matumaini ya bandari. Ofisa mipango miji wa halmashauri anayo michoro ya eneo hilo. Chukueni namba ya kiwanja na kitalu siku ya matembezi, pigeni picha za mawe ya mipaka yakionyesha namba zake, kisha wewe au wakili wako mwende ofisini siku ya kazi. Kiwanja kisicho na namba wala mawe hakijapimwa, na bei yake haiwezi kulinganishwa na ya kilichopimwa.

Baada ya safari, ile nyumba iliyobaki mioyoni ifanyiwe upekuzi kwa Msajili wa Hati, ili mjue jina la mmiliki, muda uliobaki kwenye hati, na kama kuna rehani au zuio. Daini risiti za kodi ya pango la ardhi. Muuzaji akiwa na ndoa, mwenzi wake aridhie kwa maandishi, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa hiyo. Mkataba lazima uwe wa maandishi ndipo mahakama iutambue. Hivyo hata kishika uchumba, ukiamua kukitoa wakati huo, kiandikiwe hati inayosema kitarudishwa katika hali gani na ndani ya muda gani. Uhamisho wenyewe hupitia fomu namba 29, 30 na 35, na wakili atawajazia. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, ushuru wa stempu wa asilimia 1 kwa kawaida ni wa mnunuzi, lakini mambo haya yaandikwe katika mkataba, kwani wauzaji wengi husema "bei yangu ni ya mkononi" wakimaanisha kodi zote ni zako.

Hifadhi ya Saadani msiiweke katika siku hii, kwa kuwa inataka siku yake. Ondokeni Bagamoyo kabla ya giza. Na ikiwa mtaendelea kufanya kazi mjini, wewe na mkeo rudini siku ya Jumatatu, mfike mbele ya nyumba mliyoipenda saa kumi na moja alfajiri, kisha mwendeshe hadi kazini kwenu mkiangalia saa. Mkiweza kusubiri hadi masika, ipitieni tena siku moja baada ya mvua kubwa, mkiwa na viatu vya kukanyagia tope.